Nani Alikumwangia Ile Poudre

Likasi, tarehe 6 mwezi ya kumi 2024

Providence, mujukulu yangu,

Nakuandikia na mukono yangu mwenyewe, usianze kucheka herufi. Ba Ma-soeur balinifundisha mpaka kalasi ya ine, kiisha baba yangu akasema inatosha kwa mutoto mwanamuke, na ile kidogo njo naandika nayo. Telefone sitaki. Mu telefone nikikuuliza kitu ya maana unasema, «Kambo, réseau iko mbaya,» unakata. Karatasi haina réseau.

Amuri anakuletea samaki ya kukausha ya ziwa Tshangalele, kumi na mbili. Namutuma yeye juu dereva bengine banakula njiani. Iko pia bunga ya muhogo, ya kusonga bukari. Usipike bukari ya maji-maji kama bantu ya Lubumbashi.

Sasa sikia. Fundi ya mbao amemaliza cadre. Mbao nzito, kioo safi, nimeitundika mu salon pembeni ya picha ya bwana yangu, kambo yako mwanaume. Iko tupu, inaniangalia kila siku nikikunywa chai. Bageni banaingia, banauliza: «Mama Élisabeth, hii cadre ni ya nani?» Nasema ni ya diplôme ya Providence. Basi inakawia nini? Ulishinda mutihani ya Serikali, ile munaita Exetat, tangu mwezi ya munane. Serikali inaandika na kidole moja?

Ile siku siisahau. Ulitokea ku kona ya avenue, kichwa nyeupe pe, poudre, ile banamwangia mwenye kushinda, mpaka mu kope ya macho, unalia. Nikajua. Nilitupa mwiko, nikapiga vigelegele mbele haujafungua mudomo. Avenue yote ikatoka. Mama Delphine, mwenye bana yake batatu balianguka mutihani, alikuja kucheza na uso kama alimeza ndimu. Nikamwambia: «Cheza, jirani, poudre hailumi.» Hii nyumba yangu sasa imeona poudre mara mbili: ya baba yako Évariste mwaka ya tisini na munane, na ya kwako. Kuko nyumba zinaona poudre ku soko tu.

Na siku ya Mungu nilishika micro mu kanisa, nikatoa ushuhuda. Nikasema, mama ya huyu mutoto alikufa wakati mutoto iko na miaka mine, baba yake iko Kolwezi anachimba, minye nikamulea peke yangu na mukono mukali, na leo Bwana amejibu. Bantu balisimama. Unakumbuka.

Leta karatasi. Kama hauleti, nitaenda ku masomo, kule ulimaliza, kuichukua mwenyewe.

Kambo yako,
Élisabeth

*

Lubumbashi, tarehe 11 mwezi wa kumi 2024

Kambo yangu mpendwa,

Samaki zimefika zote kumi na mbili, asante sana. Bunga pia. Bukari yangu ni ngumu, usiwe na wasiwasi, kijiko kinasimama ndani.

Kambo, tafazali usiende ku masomo. Diplôme hazijatoka Kinshasa. Zikitoka, université itazichukua moja kwa moja, ndivyo mambo yanaenda siku hizi. Utachosha magoti yako bure. Nakutumia dawa ya kupaka magoti, paka jioni, si asubui.

Minye naendelea muzuri. Auditoire, ile chumba kubwa ya kusomea, inajaa mpaka bamoja banasimama ku dirisha. Lazima nifike saa kumi na mbili asubui ili nipate kiti. Nakaa mbele. Papa ananipigia kila juma, anasema nikuambie hajambo.

Kitu kingine, usiseme sana juu yangu mu kanisa. Bantu wana macho mabaya.

Mujukulu wako,
Providence

*

Likasi, tarehe 19 mwezi ya kumi 2024

Providence,

Nilienda.

Nilivaa kitenge yangu ya bluu ile ya harusi, nikaweka kuku jike mu kikapo, juu nilisema sitaingia mikono mitupu ku bantu balimufundisha mujukulu yangu. Ku bureau kuko binti anaitwa Jenny, kucha ndefu, adabu iko. Akanipa kiti. Akafungua liste, akashuka na kidole. Akapanda tena. Akashuka tena.

«Mama, jina haiko.»

«Angalia muzuri, labda macho inakuuma.»

Akaleta liste ingine. Akasoma polepole, akaweka kucha mahali moja. «Iko hapa, mama. Providence Ngoie. Alifanya mutihani. Hakushinda.»

Nikamwambia: «Mutoto, minye niliona poudre.»

 Akaniangalia vile bantu banaangalia mugonjwa. Kiisha akasema, na sauti ya chini kabisa: «Mama, poudre si siye tunaipaka hapa ku bureau.»

Kuku ikaanza kupiga kelele mu kikapo. Binti akataka kucheka, akafunika mudomo. Minye Élisabeth, mwenye miaka makumi saba na moja, mwenye sijaomba mutu chumvi tangu niolewe, nilikaa pale na kuku inanilia juu ya magoti, na mutoto wa kucha ndefu ananihurumia.

Préfet, mukubwa wa masomo, akatoka mu bureau yake. Akasema ulikosa kidogo tu, hesabu njo ilikuangusha, na hauko muntu wa kwanza. Akasema mwanafunzi anaweza kurudia mwaka huu, lakini kuandikisha majina kunaisha tarehe 30 ya mwezi ya kumi na moja, na anakuja mwenyewe, na muzazi ku pembeni. Akaniuliza: «Mbona alikaa kimia? Tulimungojea.» 

Nilirudi na kuku. Ku mulango ya parcelle Mama Delphine akauliza: «Eh, Mama Élisabeth, na diplôme?» Nikasema bado Kinshasa. Nilitumia bongo yako, ule uongo wa barua, neno kwa neno. Njo mara ya kwanza mu maisha yangu nasema bongo, na ni weye ulinitia ndani.

Nakaa mbele! Auditoire inajaa! Bantu banasimama ku dirisha! Ile dirisha uliitengeneza na fundi gani? Nilikulea na bukari ya jasho yangu, nilikupiga ulipoiba sukari, nilikupiga mara mbili ulipokataa kwamba uliiba, na njo hivi. Dawa ya magoti nimeitupa mu choo.

Sitaki hadisi ndefu. Nakuuliza kitu moja. Poudre hainyeshi kutoka juu kama mvua. Muntu anainunua, muntu anaifungua, muntu anaimwanga ku kichwa ya mwenzake. Nani alikumwangia ile poudre?

Élisabeth Ngoie

*

Lubumbashi, tarehe 26 mwezi wa kumi 2024

Kambo,

Nilijimwangia mwenyewe.

Message ya matokeo ilifika mu telefone saa ine ya asubui, nilikuwa ku rond-point, kule barabara zinakutana, na wenzangu ba kalasi. Bao balianza kuruka. Minye nikasoma yangu mara tano. Nikampigia Papa Kolwezi. Nilikuwa nalia, sikuweza kusema, lakini alielewa.  Kisha akasema: «Usiingie ile nyumba bila poudre. Unasikia? Nunua poudre ya bana bachanga, ujipake, kisha uende. Mengine tutatengeneza.» Nikamuambia, Papa, hiyo ni bongo. Akasema: «Minye naijua ile nyumba kupita weye.»

Nilinunua ku duka, nikaenda nyuma ya ukuta wa dépôt ya simenti, mahali wanakojoa. Nikamwanga. Iliingia mu macho, ikauma, nikalia zaidi. Ndiyo ile kilio uliyoona. Njiani bantu ambao sijui balinipigia makofi, mama mumoja akanikumbatia, akapakaa poudre ku nguo yake, akasema mutoto wake pia atashinda. Nilitaka kukufa.

Kambo, nilifika ku kona nikiwa nimeamua kukuambia ukweli mulangoni. Lakini weye ulikuwa umeshatupa mwiko. Vigelegele ilianza mbele sijasema «Kambo». Na nyuma yako Mama Delphine, na bana, na ngoma. Nani angeweza?

Université, hakuna. Papa alinipeleka kwa dada wa rafiki yake, Tantine Hélène, mwenye saloon ya kusuka nywele. Nalala kwake, nasuka kuanzia asubui. Mikono yangu iko myepesi, wateja bananipenda. Papa alisema nikae mwaka mumoja, miwili, kisha tutasema nimeacha université juu ya ugonjwa.

Samaki nilikula na aibu. Lakini nilikula.

Sikuombi unisamehe leo.

Provi

*

Likasi, tarehe 30 mwezi ya kumi 2024

Évariste,

Weye mutoto nilizaa siku mbili na usiku moja.

Mutoto wako ameniandikia yote. Ulimutuma nyuma ya ukuta, mahali ya mikojo, ajimwangie poudre kama samaki inapakwa bunga, aje anidanganye mbele ya avenue na mbele ya Mungu. Nilishika micro! Unajua ni nini muntu mukubwa kushika micro? Nilimwaga machozi mbele ya bantu mia tatu juu ya bongo ulipika weye ku Kolwezi, umekaa na jembe yako.

Adui angefanya hivi, ningesema ni adui. Jirani, ningesema ni wivu. Nimetafuta jina ya muntu mwenye anamufanyia hivi mama yake, sijapata.

Miaka kumi na ine nimemulea huyu mutoto. Weye ulikuwa unaleta nini? Telefone na sauti. Nilimuamsha asubui, nilimuoshea uniforme, nilikaa pembeni yake na taa mpaka anamaliza devoir, hata kama sielewi Kifaransa. Weye ulimufundisha siku moja tu, na somo yako njo ilimuingia.

Niambie nani alikufundisha ile akili. Si minye. Baba yako pia si yeye.

Mama yako

*

Kolwezi, tarehe 7 mwezi wa kumi na moja 2024

Mama,

Uliuliza nani alinifundisha. Miaka makumi mbili na sita nimengoja uniulize.

Mwaka wa tisini na munane, majina yalibandikwa ku ukuta wa centre ya mutihani. Minye niliogopa kwenda. Weye ndiye ulienda, asubui, na kitenge ya kijani. Kifaransa haujui, lakini jina ya mutoto wako unajua kusoma. Haikuwepo. Nilikuwa nimekaa ku kitanda nikakuona unaingia. Haukunipiga. Ningefurahi kama ungenipiga. Ulifunga mulango, ukatoa poudre mu kitenge, umeshainunua njiani, ukaniambia: «Piga magoti.» Ukanimwangia yote. Kichwani, shingoni, ndani ya shati.  Kisha ukafungua mulango na kupiga vigelegele, na mu avenue yetu hakuna mutu aliyeenda kusoma ukuta nyuma ya Mama Élisabeth.

Nilicheza, Mama. Nilicheza mpaka jioni.

Mwezi uliofuata mwalimu wangu wa fizika akaja kwetu, akasema nirudie, nilikosa kidogo. Ulimukuta ku barrière ya parcelle, ukamwambia nimeenda safari. Nilikuwa nyuma ya mulango, nilisikia. Ulikuwa na haki: muntu ambaye ameshamwangiwa poudre atarudia nini? Angeonekana na cahier ya kuandikia mukononi, avenue ingeuliza. Nilitaka kuwa infirmier, kutunza bagonjwa. Nimekuwa muchimbaji. Kila mara bantu banasema «weye mwenye diplôme, kwa nini uko mu shimo?» nacheka, nasema kazi hakuna.

Provi alipopiga simu akilia, nilitafuta ndani yangu neno la baba kumwambia mutoto aliyeanguka. Sikupata lingine. Ile ndiyo nilipewa.

Nilikudanganya, ndiyo. Nilijua vile utacheza, na nikaacha ucheze. Sehemu yangu moja ilitaka ujue vile inakuwa.

Usiniandikie haraka.

Évariste

*

Lubumbashi, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 2024

Kambo,

Amuri amekuja mara mbili na mikono mitupu. Nimemuuliza, «Kambo iko mugonjwa?» Akasema: «Iko mulangoni, anaangalia barabara. Nilimusalimia, akaitika salamu tu.»

Papa amenisomea barua yake mu telefone. Sikujua. Naapa sikujua.

Inabaki wiki mbili. Tantine Hélène ameniuliza kama nitabaki, kuna msichana mwingine anataka kiti yangu. Minye nataka kurudia mutihani. Nimenunua cahier ya hesabu, nafanya mazoezi wakati wateja bako chini ya séchoir ya kukausha nywele. Lakini kwa kuandikisha lazima nipite mu avenue, na muzazi pembeni, na kila mutu ataniuliza: mwanafunzi wa université anatafuta nini ku masomo ya bana? Papa hatakuja. Anasema miguu yake haiwezi kuingia mulango ile.

Usiponijibu mpaka tarehe 27, nitamwambia Tantine Hélène ndiyo.

Provi

*

Likasi, tarehe 24 mwezi ya kumi na moja 2024

Providence,

Bado sijakusamehe, uanze kwa kujua ile. Na baba yako sijamusamehe, na yeye hajanisamehe, tuko watatu mu nyumba moja ya hasira, kila muntu na chumba yake.

Lakini alichoandika ni kweli. Magoti, shati, barrière, yote. Nilisoma barua yake siku ine, juu nilikuwa naisoma nusu, naiweka chini ya godoro, naenda kupepeta muchele hata kama ulishapepetwa.

Nitakuambia kitu baba yako hajui. Ile mwaka kambo yako mwanaume alikuwa amelala mugonjwa, kifua imemufunga, vumbi ya Kakontwe, miaka yote alipasua mawe kule. Kila asubui anauliza: «Évariste alishinda?» Daktari alisema ni juma moja, mawili. Nilipoona ukuta haina jina, nikasema, acha afe na furaha, kiisha tutanyoosha mambo. Nikanunua poudre. Nikapika kuku. Alikula, akacheka, akalala. Na akapona! Aliishi miaka tisa tena. Kila mugeni akiingia anamwambia: «Mutoto yangu iko na diplôme.» Ningenyoosha saa gani? Ile bongo ilikuwa ya juma mbili, ikazeeka pamoja na siye ku meza. Kiisha nikaisahau kama ni bongo. Naapa, Provi. Nilipokuandikia kwamba hii nyumba imeona poudre mara mbili, nilikuwa naamini. Nilipokuandikia kwamba bongo ya Kinshasa ni ya kwanza mu maisha yangu, nilikuwa naamini.

Leo asubui nilienda ku kanisa na kitenge ile ile ya ushuhuda. Nikainua mukono. Pasteur akafurahi, akafikiri ni shukrani, ngoma ikaanza mbele sijafika. Nikasema: «Simamisheni ngoma.» Ikasimama, lakini mupiga gitare mumoja alikuwa hajasikia, akaendelea peke yake, tukamungojea.

Nikasema: «Mwezi ya munane nilitoa ushuhuda hapa. Haikuwa kweli. Mujukulu yangu hakushinda. Na baba yake, mwenye munamuita Diplômé, pia hakushinda, mwaka ya tisini na munane, na poudre yake njo minye nilimumwangia na hii mikono. Mutoto anarudi kurudia mutihani. Mwenye atamucheka anicheke minye kwanza, niko hapa, nimesimama.»

Hakuna mwenye alisema Amina. Nilirudisha micro, nikakosea kiti yangu, nikakaa ku kiti ya bantu ya korali.

Mama Delphine hakucheka. Ningejua kumujibu kama angecheka, nilikuwa nimetayarisha maneno tatu. Muchana alikuja na sahani ya sombe, majani ya muhogo, imefunikwa. Akasema: «Bana bangu batatu, nilibalilia mulangoni, kila muntu akaona. Weye ulikuwa unapata wapi nguvu ya kutolia?»  Nilikula sombe yake. Ilikuwa na chumvi mingi.

Nilimwandikia baba yako asubui mbele ya kwenda. Maneno tatu: «Nilikukatia njia. Élisabeth.» Amuri amemupa dereva mwingine wa Kolwezi. Najua hatanijibu haraka. Alingoja miaka makumi mbili na sita, minye pia naweza kungoja, kama Mungu ananiachia.

Sasa weye. Amuri anatoka Lubumbashi siku ya tatu, tarehe 27. Utakaa mbele pembeni yake, na ile cahier ya hesabu. Alhamisi asubui tutaenda ku masomo, minye njo muzazi. Utapita mu avenue na miguu, katikati ya barabara, muchana, usifunike uso. Bakikuuliza, unasema: «Nilianguka, narudia.» Maneno mawili. Nimeyajaribu mu kinywa yangu mwenyewe, hayaui.

Mambo ya kunidanganya tutazungumza nyumbani, mulango imefungwa, na utasikia kila kitu niko nacho. Usifikiri ushuhuda imekulipia. Nilikupiga juu ya sukari, na hii ni kubwa kupita sukari. Kuna siku naamka na nakumbuka vile nilikukumbatia pale ku kona, poudre yako ikanipakaa ku mashavu, na weye ukanyamaza mu mikono yangu, na roho inarudi kunichemka. Ile nitabaki nayo. Kama baba yako anabaki na yake.

Cadre sijaitoa. Iko ukutani, tupu, nimeipanguza vumbi. Leo jioni Mamie ya korali aliingia akauliza: «Na hii, mama, itawekwa nini?» Nikamwambia: «Haina kitu. Keti, kunywa chai.»

Ukifika, kama uliweka kidogo ya ile poudre mu valise, itupe mbele ya kupanda motokari. Uje na kichwa yako nyeusi.

Kambo yako,
Élisabeth

Samaki zile kumi na mbili nilimutumia mwanafunzi ya université. Utanisaidia kukausha zingine.